Deizi za Afrika Zinataka Jua, si Ndoo ya Maji Kila Jioni

Masika yanapokwisha, vitalu vya kando ya barabara, kuanzia Limuru hadi Tengeru na Iringa, huweka mbele miche ya maua yenye petali ndefu zilizozunguka kitovu cha buluu iliyokolea: meupe, ya zambarau, ya njano, ya chungwa. Wauzaji huyaita deizi, basi. Mnunuzi huchagua mche uliochanua, huupeleka nyumbani, huumwagilia asubuhi na jioni kwa moyo mkunjufu, na baada ya wiki kadhaa shina limelainika na kuoza pale linapogusa udongo. Ndipo husemwa kwamba ua hili ni la kubembeleza. Si kweli. Ni miongoni mwa maua mepesi kabisa kuyatunza katika bustani zetu, mradi ukubali kwamba maji huliua upesi kuliko kiu, na samadi huliua upesi kuliko njaa.

Nalitanguliza hilo kwa sababu nyumba nyingi za mijini zinaishi kwa maji ya mgao au ya kununua kwa dumu, na watu wengi wameshaacha kupanda maua wakiona ni anasa isiyo yao. Deizi za Afrika zinaweza kuishi kwa maji ambayo jikoni yangemwagwa tu: ya kuoshea mchele, ya kuoshea mboga. Mpangaji mwenye kiuwanja cha mchanga mbele ya mlango, kinachopigwa na jua tangu asubuhi, anacho tayari kile ambacho mimea hii inakitaka. Natamani kuwaona watu wa namna hiyo wakipanda maua, kuliko kuyaacha yabaki ya wenye mabomba na watunza bustani wa kuajiriwa.

Jina la deizi za Afrika limebeba mimea kadhaa ya ukoo wa alizeti, na matatizo mengi huanzia hapo, kwa kuwa si yote inayotaka matunzo sawa. Ipo osteospemu, kichaka kifupi kinachoishi miaka kadhaa. Ndiyo hiyo ya kitovu cha buluu. Ipo dimofoteka ya msimu mmoja, ya rangi ya chungwa, ambayo hupandwa kwa mbegu na kufa yenyewe ikishazaa. Ipo gazania, inayokaa chini karibu na ardhi, petali zake zina michirizi na madoa, na majani yake yana weupe kwa chini. Na ipo jabera, ile ya ua moja kubwa juu ya kikonyo kirefu kisicho na jani, ambayo wapambaji huifunga kwenye mashada ya harusi na mahafali. Wataalamu wa mimea wamezihamisha osteospemu nyingi za bustanini kwenye kundi la Dimorphotheca, kwa hiyo usishangae kukuta ua lilelile lina jina moja kwenye pakiti hii na jina jingine kwenye pakiti ile.

Anayetaka kuzielewa aanze na kwao. Namaqualand, kaskazini-magharibi mwa Afrika Kusini, ni nchi kame. Sehemu kubwa hupata chini ya milimita 250 za mvua kwa mwaka, nazo hunyesha wakati wa baridi. Ifikapo Agosti na Septemba, ardhi iliyokuwa tupu hufunikwa na dimofoteka za chungwa, na watu husafiri mwendo mrefu hadi pande za Springbok na Kamieskroon kuyaangalia maua hayo. Wageni hushauriwa wasidamke mapema, maana kabla ya saa nne asubuhi maua hayajafunguka, na siku ya mawingu hayafunguki kabisa. Osteospemu iliyozaa aina nyingi za leo hutoka upande mwingine wa nchi hiyohiyo, kwenye mchanga na kingo za mito za Rasi ya Mashariki. Gazania inayotambaa huota juu ya machuguu ya mchanga ya pwani, ikipigwa na upepo wa chumvi, kuanzia kusini mwa Rasi hadi Msumbiji.

Jabera ni mtoto wa mahali pengine. Kwao ni miteremko yenye mawe ya Barberton, mkoani Mpumalanga, ambako mvua hunyesha wakati wa joto na nyasi na vichaka huupa mmea kivuli cha sehemu ya siku. Jina lake la kitaalamu, Gerbera jamesonii, linamkumbuka Robert Jameson, aliyeikusanya huko wakati wa mbio za dhahabu za miaka ya 1880. Mwaka 1889 ilichorwa na kuelezwa Uingereza, wazalishaji wa Ulaya wakaanza kuipandisha na nduguze, na sasa ni miongoni mwa maua ya kukatwa yanayouzwa sana duniani. Nasi hatuko mbali na ukoo huo. Zipo jabera za mwituni katika nyika za Afrika Mashariki, ndogo na zisizo na mbwembwe, na ipo gazania ya porini inayofika hadi kusini mwa Tanzania.

Kutokana na makwao hayo hutoka karibu kila kitu cha kukifanya bustanini. Osteospemu, dimofoteka na gazania ni mimea ya jua kali, mchanga, upepo na maji ya kubahatisha. Jabera inataka unyevu zaidi, lakini unyevu unaopita, si unaotuama, na hufurahia jua la asubuhi kuliko la saa nane. Anayezipanda zote kwenye tuta moja na kuzimwagilia kwa kipimo kimoja atapoteza upande mmoja au mwingine.

Sasa, chagua kwa kuangalia unakoishi, si kwa kuangalia rangi. Osteospemu hutunga matumba kukiwa na ubaridi. Usiku ukibaki juu ya nyuzi 20 za Selsiasi na mchana ukapita 30, mmea huendelea kutoa majani lakini maua husita. Ndiyo maana katika Limuru, Nyeri, Lushoto, Njombe na Mbeya hugeuka vichaka vilivyofunikwa na maua, na ileile ikipelekwa Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Januari hukaa kijani mpaka mwenyewe akate tamaa. Jalidi nyepesi huivumilia, hadi kama nyuzi 2 chini ya sifuri. Lakini kwa wa Makete au Kinangop, ambako zipo alfajiri za jalidi inayochoma hata majani ya viazi, ni vizuri kuifunika jioni kwa gunia au shuka kuukuu.

Wa pwani asijione amenyimwa. Gazania ni mmea wa pwani tangu asili, haijali chumvi ya upepo, na mchanga unaomsumbua mpanda mchicha ndio inaoutaka. Kuna jambo moja tu la kuangalia: sehemu nyingi za Mombasa, Tanga, Unguja na Pemba zina udongo uliokaa juu ya mawe ya matumbawe, wenye chokaa nyingi. Chokaa huufungia mmea madini ya chuma, na dalili yake ni majani machanga yanayogeuka njano huku mishipa ikibaki kijani. Mtu akiona njano hiyo huongeza samadi au, vibaya zaidi, majivu, ambayo huzidisha chokaa. Dawa yake ni mbolea ya majani yenye chuma, au kuhama ardhini na kupanda kwenye chombo chenye udongo uliochanganywa mwenyewe. Gazania huvumilia udongo huo kuliko wenzake; jabera haiuwezi, kwa hiyo pwani ipande kwenye chungu.

Wakati wa kupanda una uzito kuliko mbolea yoyote, nao hauzungumzwi vya kutosha. Kule Namaqualand mbegu huamshwa na mvua za kwanza za baridi, mmea hukua kwenye ubaridi, huchanua joto linaporudi, kisha hupumzika au kufa kiangazi kinapokaza. Miezi ya baridi yetu ni ileile, Juni hadi Agosti. Tofauti ni kwamba sehemu kubwa ya nchi zetu mvua hutangulia ubaridi badala ya kuja nao. Hivyo jambo la busara ni kuukamata mkia wa mvua. Kwa wenye masika na vuli, kama Arusha, Moshi, Lushoto na nyanda za kati za Kenya, panda wiki za mwisho za Mei, udongo ukiwa bado na unyevu chini lakini mvua kubwa zimekwisha. Kwa Iringa, Njombe na Mbeya, penye msimu mmoja wa mvua unaoishia Aprili, panda katikati au mwishoni mwa Aprili. Kwa pwani, subiri kusi ipoze hewa, kisha panda Juni.

Mche uliopandwa wakati huo hushusha mizizi bila kuzamishwa wala kuunguzwa. Anayepanda Machi hupambana na maji ya masika miezi mitatu, na anayepanda Januari hupambana na jua. Wa Limuru na Nairobi wajue pia kwamba Julai na Agosti mawingu hutanda siku nzima. Mmea wako utajenga matumba na kuyaacha yamefumba, nawe utadhani una ugonjwa. Jua la Septemba likitoka utaona ulichokuwa ukikingoja.

Kabla hujapanda, upime udongo wako kwa shimo. Chimba sentimita 30 kwenda chini, lijaze maji, yaache yanywewe, kisha lijaze tena. Maji ya mara ya pili yakiwa yamekwisha baada ya saa mbili au tatu, panda bila wasiwasi. Yakilala humo hadi kesho yake, hapo ardhini si mahali pa deizi, na hakuna dawa ya dukani itakayobadilisha hilo. Inua tuta la sentimita 20 hadi 30, changanya udongo wa juu sehemu mbili, mchanga mzito wa mtoni sehemu moja na mboji iliyoiva sehemu moja. Mchanga uwe ule wa chembe kubwa unaotumika kwa zege. Mchanga laini wa kupigia lipu hujaza nafasi zote za hewa na kuufanya udongo mzito kuliko ulivyokuwa.

Wenye vyungu, ndoo za rangi na madumu yaliyokatwa hutumia mchanganyiko huohuo, na matundu chini yawe mengi na mapana. Imezoeleka kuweka tabaka la kokoto chini ya chungu ili maji yapite. Liache. Maji hayashuki kwa urahisi kutoka kwenye udongo laini kwenda kwenye kokoto; hujikusanya juu yake, na matokeo yake ni kwamba umepandisha eneo la tope karibu na mizizi. Jaza udongo wako mzuri mpaka chini, weka kipande cha neti juu ya matundu, na usiache kisahani chenye maji kikikaa chini ya chombo.

Kitaluni usivutiwe na mche uliochanua sana. Chukua wenye matawi mengi ya chini na matumba ambayo hayajafunguka. Geuza majani uangalie chini yake, na tazama kiriba: mizizi iliyotoka na kujizungusha nje inaonyesha mche umekaa humo muda mrefu mno. Muulize muuzaji kama ulikuwa chini ya neti ya kivuli. Kama ndivyo, uzoeshe jua wiki moja, saa chache za asubuhi kwanza, ndipo uupeleke juani moja kwa moja. Unapopanda, udongo wa kiriba uwe usawa na udongo wa bustani, usiufukie shina. Acha sentimita 30 hadi 45 kati ya mche na mche. Utaona tuta limekaa wazi mwanzoni, lakini nafasi hiyo ndiyo hewa itakayozuia ukungu baadaye.

Wiki tatu za kwanza mwagilia kila udongo wa juu unapokauka, kwa sababu mizizi bado haijajua njia. Baada ya hapo, ingiza kidole ardhini hadi kiungo cha pili. Kama kuna ubichi, ondoka. Kama pamekauka, mwagilia shinani, asubuhi, maji ya kutosha kushuka chini, kisha uache tena. Kwa mmea wa ardhini huja kuwa mara moja kwa wiki wakati wa baridi, na kwenye chungu mara mbili au tatu. Mvua ikinyesha, usimwagilie kwa sababu ya mazoea. Majani ya osteospemu hulegea kidogo saa saba mchana siku ya joto hata kama udongo una maji. Ukirudi jioni yamesimama yenyewe. Yakiwa yamelegea asubuhi na udongo ni mbichi, tatizo ni kuoza kwa mizizi, na ndoo nyingine ya maji itaumaliza mmea.

Jua liwe la saa sita kwa siku au zaidi. Barazani, chini ya mwembe, upande wa kusini wa nyumba katikati ya mwaka: huko kote utapata majani tu. Na kuna jambo ambalo muuzaji huwa hakuambii. Osteospemu, gazania na dimofoteka hufumba petali jua likishuka na kufunguka likipanda. Mtu anayetoka nyumbani saa kumi na mbili alfajiri na kurudi saa moja usiku hatayaona yamefunguka isipokuwa mwisho wa wiki. Ikiwa ndiyo ratiba yako, weka jabera karibu na mlango, kwa kuwa hubaki wazi usiku na mchana, na hizo nyingine zipande mahali watakapoziona wanaoshinda nyumbani: mama mkwe, watoto, jirani. Zipo pia osteospemu za siku hizi zenye petali zilizojaa hadi katikati, ambazo hazifumbi. Ni nzuri, ingawa nyuki hawapati kitu humo, na mimi ningechagua zile za kawaida kwa ajili yao.

Kuhusu chakula nitasema kwa ufupi, maana hapa kupunguza ndiko kutunza. Ardhini, kikombe kimoja cha mboji kwa kila shimo wakati wa kupanda kinatosha mpaka maua ya kwanza. Samadi ya kuku iache kabisa, na urea vilevile, kwa kuwa naitrojeni nyingi hutoa majani laini ambayo vidukari huyafuata na maua hupungua. Vyungu huoshwa na maji na kuishiwa, hivyo vinahitaji mbolea ya maji kila wiki mbili wakati wa maua, iwe ile yenye potasiamu nyingi ambayo wakulima wa nyanya hutumia zikianza kuzaa, nusu ya kipimo kilichoandikwa.

Kazi inayolipa kuliko zote ni ya mkasi. Mche ukifika kimo cha sentimita 12 hivi, kata ncha ya kila tawi. Inauma kufanya hivyo kwa mche mdogo, lakini kila tawi lililokatwa huchipua mawili au matatu. Ua linapokauka, usichomoe petali tu. Fuata kikonyo hadi kwenye jani la kwanza lenye afya, ukate hapo. Mmea unaoachwa kuzaa mbegu huona kazi yake imekwisha. Na wimbi kubwa la maua likipita, kwa kawaida kuelekea Novemba au joto linapokaza, punguza kichaka kizima kwa theluthi moja, mwagilia mara moja vizuri, kisha kiache kipumzike kwenye joto. Usikate hadi kwenye mti mkavu wa chini usio na majani, hapo hakichipui tena.

Jabera nimeiacha ijitegemee kwa sababu inavunja mioyo ya watu wengi. Majani yake yote hutokea mahali pamoja, na mahali hapo pakifukiwa au pakijaa maji huoza, hapana tiba. Ipande ikiwa imeinuka kidogo, kama sentimita moja juu ya udongo, na kila baada ya mvua kubwa angalia kama udongo haujajikusanya pale. Mwagilia pembeni, si juu ya majani. Jua la asubuhi hadi saa sita, kisha kivuli, huifaa sehemu nyingi zetu. Ikishakuwa na vichwa vingi vilivyobanana, baada ya miaka miwili au mitatu, ing'oe masika yanapokwisha, igawe kila kichwa na mizizi yake, punguza majani kwa nusu, upande upya.

Ukitaka kuipeleka ndani, usikate ua la jabera kwa kisu. Shika kikonyo chini kabisa, kipinde na kukizungusha kidogo, kitachomoka chote. Kipande kinachobaki baada ya kisu huoza na kuusambazia mmea uozo huo. Ngoja mpaka chembe za pete mbili za nje katikati ya ua zimetoa chavua, maana ua lililochumwa kabla ya hapo huinamisha shingo siku ya pili. Kwenye chombo weka maji ya kina kifupi, sentimita tano hadi saba, na matone machache ya jiki ya kuzuia bakteria, kwa kuwa vikonyo vyake vyenye manyoya huchafua maji haraka.

Wadudu si wengi. Vidukari hukaa kwenye ncha changa, nzi weupe chini ya majani, na utitiri mwekundu hujitokeza kiangazi kikikaza, hasa kwenye vyungu vilivyopangwa kwenye ukuta wenye joto. Kijiko kidogo cha sabuni ya maji ndani ya lita moja ya maji, kikinyunyizwa chini ya majani jioni na kurudiwa baada ya siku tano, huwamaliza wengi wao, na mafuta ya mwarobaini husaidia palipo na utitiri. Konokono hupenda jabera wakati wa mvua. Waokote usiku kwa tochi. Majani yenye michirizi myeupe iliyojipinda yamechimbwa na viluwiluwi wa nzi wadogo: yachume na kuyachoma, usipulize dawa. Unga mweupe juu ya majani ni ubwiri unga, na chanzo chake mara nyingi ni kubanana na kukosa hewa, kwa hiyo anza na mkasi.

Lipo onyo moja kwa wafugaji. Osteospemu na jamaa zake wa kundi la Dimorphotheca wana kemikali zinazoweza kutoa sianidi tumboni mwa mnyama. Vipande unavyopogoa usiwatupie mbuzi, ng'ombe wala sungura, hata kama wanavitamani. Vitie kwenye shimo la mboji lililofunikwa. Na usivimwage kwenye nyika au kando ya mto. Nchini Australia gazania zilizotoka bustanini zimekuwa magugu yanayosukuma nje mimea ya asili, na nyika zetu zenye maua yake wenyewe, Kitulo ikiwa mfano ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu, hazihitaji mgeni wa namna hiyo.

Mche mmoja mzuri wa osteospemu unatosha kuijaza bustani, kwa sababu huota kwa vipandikizi kwa urahisi. Mbegu za aina zilizochanganywa hazitoi mtoto anayefanana na mama, tena hupatikana tu kwenye pete ya nje ya petali, katikati pakiwa tasa. Kwa hiyo tumia matawi. Asubuhi, chukua ncha laini zisizo na tumba, urefu wa sentimita sita hadi nane, kata chini ya kifundo cha jani, ondoa majani ya chini, chomeka nusu yake kwenye mchanga uliochanganywa na mboji kidogo. Mwagilia mara moja, funika kwa chupa ya maji ya plastiki iliyokatwa kitako, weka kivulini penye mwanga. Fungua kifuniko cha chupa kila siku hewa iingie. Baada ya wiki tatu au nne vuta kipandikizi taratibu. Kikikataa kutoka, kina mizizi. Gazania hufanyiwa vivyo hivyo kwa machipukizi ya pembeni. Dimofoteka ya chungwa ndiyo ya kumwaga mbegu moja kwa moja juu ya udongo uliochokonolewa, kufunikwa kwa vumbi jembamba la mchanga na kumwagiliwa kwa manyunyu. Huchipua kwa wiki moja hadi mbili, wala haipendi kuhamishwa.

Fanya vipandikizi kila mwaka, Aprili au Mei, hata kama mimea mama bado inapendeza. Osteospemu ikifika mwaka wa tatu shina lake limekuwa mti, katikati kumekuwa na uwazi, na maua yamehamia kwenye ncha tu. Hapo ing'oe na mizizi yake, weka mtoto wake mahali pengine bustanini, na tuta la zamani lipe msimu mmoja wa vitunguu au giligilani kabla ya kurudisha deizi nyingine humo.